Nenda Saa ya Mazoezi

Mdogo wangu wa Texas, barua yako nimeisoma mara mbili, ya kwanza nikiwa kwenye basi, ya pili usiku watoto wamelala. Unasema baba alipata kiharusi, upande wa kushoto umelegea, hospitali wakakaa naye siku tano halafu wakamhamishia kwenye nyumba ya wazee “kwa ajili ya mazoezi”. Kila jioni ukitoka kazini unapitia, unamlisha uji, unambadilisha shati, unamsomea dua, kisha unakaa kwenye gari unalia kabla ya kuwasha. Na baba mdogo aliye Mombasa amekupigia kukuambia umemtupa kaka yake. Mwisho wa barua umeuliza neno moja: nimtoe?

Usimtoe kwanza. Badilisha saa yako ya kwenda.

Nitakueleza nina maana gani, na wengine mnaosoma mnisikilize pia, maana barua za namna hii sasa ni nyingi. Wazazi wetu tuliowaleta huku Marekani wamezeeka, na mmoja mmoja wanaanza kuanguka.

Jina lenyewe linatuponza. Tukisema “nyumba ya wazee” tunaona mzee aliyeachwa dirishani anangoja kufa. Kumbe chini ya paa moja kuna mambo mawili. Upande mmoja wanaishi watu ambao hapo ndipo nyumbani kwao sasa. Upande wa pili wanalala watu wa wiki chache, waliotoka hospitali, wamekuja kujifunza upya kusimama, kumeza, kuvaa, kwenda chooni. Huo wa pili ndio utengamao, au rihabu kama tunavyoiita sisi tunaofanya kazi humo. Mlango wa kuingilia ni mmoja, kwa hiyo ukiingia unawaona kwanza wale wa upande mwingine na moyo unakatika. Baba yako yuko upande wa pili. Ana kazi pale, na siku zake zinahesabiwa.

Nilipokuwa na miaka 11, bibi yangu mzaa mama alianguka bombani, huko kwetu Muheza. Leo najua alivunjika nyonga, wakati ule tulisema tu kiuno. Alilazwa kitanda cha kamba chumba cha ndani na ukoo mzima ukamzunguka. Hakukosa mtu wa kumpepea. Uji uliletwa mpaka mdomoni, shuka zilifuliwa kila siku, wajukuu tulilala miguuni pake kwa zamu. Alikaa hivyo miezi saba, akafariki, na msibani kila mtu alisema wanawe wamemtunza. Walimtunza kweli. Ila katika miezi saba ile hakuna aliyemsimamisha hata mara moja. Misuli ya mzee akilala huyeyuka upesi, kifua hujaa, ngozi huchubuka. Bibi yangu alipendwa akiwa chali mpaka akaisha.

Kwa hiyo baba mdogo akikwambia “kwetu tungemtunza wenyewe”, usimjibu vibaya. Anasema kweli kwa anavyojua yeye. Wewe jua tu kwamba kumtunza mgonjwa na kumwinua mgonjwa ni mambo mawili, na hili la pili lina wataalamu wake.

Hao wataalamu wanafanya kazi asubuhi na mchana. Wewe unakwenda jioni. Umefika mara ngapi ukamkuta baba amechoka, kimya, uso umemshuka, ukadhani anateswa? Pengine siku hiyo alitembea hatua nane akishika vyuma vya mazoezi na hakuna wa kwake aliyeziona. Na wewe unapomlisha kwa kijiko, unamnyang’anya zoezi lake. Mkono wake wa kulia ni mzima. Mtaalamu wa tiba kazi anahangaika asubuhi nzima ale mwenyewe, aweke na ule wa kushoto mezani hata kama haushiki kitu, ubongo ukumbuke kwamba upo. Jioni unakuja na mapenzi yako unafuta kazi ya mchana.

Sikulaumu. Nami nilifanya hivyo hivyo, na nilikuwa nimeshafanya kazi ya usaidizi wa wauguzi miaka sita.

Mama yangu aliteleza kwenye barafu Februari 2023, hapa Minnesota, kwenye maegesho ya magari, mkononi kashika mfuko wa ndizi. Alikuwa na miaka 71. Akawekewa nyonga bandia, akalala hospitali siku nne, ya tano akahamishiwa rihabu. Jumapili ya kwanza tulimjazia chumba: dada zangu wawili, mashangazi wa hapa mjini, watoto, pilau kwenye sufuria iliyofungwa taulo. Mmoja akamkanda miguu, mwingine akamnywesha chai, alipotaka kusogea tukamnyanyua watatu kama mtungi. Hakutia mguu chini siku nzima. Jumatatu mtaalamu wa fiziotherapia alipokuja, Mama alimwambia wanangu watanibeba.

Halafu lilikuja jambo la maumivu, na hapa naomba msome polepole, maana wazee wetu wengi wanaharibikiwa hapa hapa.

Kila asubuhi muuguzi aliuliza: kuanzia sifuri hadi kumi, maumivu yako ni ngapi? Mama alijibu “tatu”. Alijibu tatu nyonga ikiwa inawaka moto. Amelelewa hivyo, mtu mzima halii mbele ya wageni, na anayekuhudumia humwongezei mzigo. Mgonjwa anayesema tatu hapewi dawa kali. Saa nne anakuja kijana wa mazoezi, anamwambia mama twende, Mama anajaribu kuinuka, maumivu yanampiga, anatikisa kichwa: “leo hapana, mwanangu, kesho.” Kwenye faili inaandikwa amekataa. Kesho yake tena amekataa. Hakuna aliyemwandika mkaidi kwa chuki. Ila makaratasi yakisomwa na mtu wa bima asiyemjua, yanasema hivi: mgonjwa hana maumivu makubwa, na mazoezi hataki.

Nililigundua siku nilipochukua ruhusa kazini nikaenda asubuhi. Nilisimama pembeni ya kitanda nikasikia ile “tatu”. Nikamuuliza kwa Kiswahili, “Mama, ukilinganisha na uchungu wa kunizaa mimi?” Akanyamaza. Kisha akasema, “Unakaribia.” Nikamgeukia muuguzi, nikamwambia iandike nane.

Tangu siku hiyo tuliomba dawa ya maumivu itolewe nusu saa hadi saa nzima kabla ya mazoezi, na agizo hilo likaingia kwenye mpango wake. Wiki hiyo hiyo Mama alitembea na woka, kile kiunzi cha kutembelea, mpaka mlangoni na kurudi.

Mzee wako asiposema Kiingereza, au akisema lakini kikimtoka akiwa na maumivu, ana haki ya mkalimani bila malipo, hata kwa simu. Sehemu zinazopokea fedha za serikali ya shirikisho zinabanwa na sheria kwa hilo, na usikubali mjukuu wa miaka 12 awe ndiye anayetafsiri habari za choo cha babu yake. Lakini mkalimani atatafsiri “tatu” kuwa tatu. Anayejua kwamba tatu ya mama yako ni nane ni wewe.

Sasa fedha na siku. Nitasema ya Medicare ya kawaida, ile ya waliofika miaka 65 na wametimiza, wao au wenzi wao, takriban miaka 10 ya kazi yenye makato. Mama alifua mashuka ya hoteli miaka 12, kwa hiyo alikuwa nayo. Ili Medicare hii ilipie rihabu, mgonjwa awe amelazwa rasmi hospitali siku tatu mfululizo, bila kuhesabu siku ya kutoka. Hilo neno “rasmi” lina mtego ndani yake. Mtu anaweza kulala kitanda cha hospitali usiku tatu, akavalishwa gauni lao na kula chakula chao, kumbe kwenye vitabu hajalazwa, yuko “chini ya uangalizi” tu. Usiku huo hauhesabiwi. Mzazi akiwa bado hospitali, muulize daktari waziwazi: amelazwa, au mnamwangalia tu? Uliza siku ya kwanza, na siku ya pili uliza tena. Wenye ule mpango wa Medicare unaoendeshwa na kampuni binafsi, mara nyingi sharti la siku tatu halipo, lakini kampuni lazima itoe kibali kwanza, na kibali hutolewa kwa siku chache chache.

Siku zinazoweza kulipiwa ni 100. Ishirini za kwanza hulipi kitu. Kuanzia ya 21 hadi ya 100 kuna mchango wako kwa kila siku: mwaka ule wa Mama ulikuwa dola 200, mwaka 2025 ulifika dola 209.50. Mama alikaa siku 34, kwa hiyo 14 za mwisho zilitutoa dola 2,800, tukachanga ndugu watatu. Mwenye bima ya nyongeza aitazame. Nyingi zinabeba huo mchango. Na hizo 100 msizitegemee kama mshahara. Ni kikomo. Huduma ya kitaalamu isipohitajika tena, hata siku ya 15, malipo yanakatika.

Kwetu karatasi ilikuja siku ya 19. Ofisa ustawi wa jamii aliingia na tabasamu, akamwekea Mama ukurasa mmoja mapajani, akamwomba sahihi. Mama akatia sahihi, maana aliambiwa ni “ya kuonyesha umepokea”. Ilikuwa Jumatano. Ilisema malipo yanaisha Ijumaa.

Karatasi hiyo ni lazima ije angalau siku mbili kabla, na chini yake pana namba ya simu ya chombo huru cha kukatia rufaa. Rufaa haina malipo. Lakini unatakiwa upige kabla ya saa sita mchana wa siku inayotangulia siku ya mwisho. Kwetu ilikuwa Alhamisi mchana. Mama aliiweka karatasi chini ya Msahafu wake, akasahau kunitajia. Niliikuta Alhamisi saa tatu asubuhi, kwa sababu tu nilikuwa nimeshaanza kwenda asubuhi.

Nilipiga simu nimesimama koridoni. Waliniuliza kwa nini napinga. Nilikuwa na daftari la shilingi mbili tatu, nimeandika kila siku: saa ya dawa, saa ya mazoezi, hatua ngapi, alisema nini. Nikawasomea. Zile siku zilizoandikwa amekataa, nikawaonyesha kwamba dawa ilikuwa haijatolewa. Na tangu dawa ianze kutangulia, hatua zimepanda kutoka sita hadi arobaini. Tulishinda. Wengine hushindwa, na nyumba ya uuguzi haijawa adui kwa sababu ya karatasi hiyo. Ila asiyepiga simu hashindi.

Na mtu asikwambie “hapati nafuu tena, kwa hiyo basi”. Ilikuwapo kesi ya mwanamke mmoja wa Vermont, Glenda Jimmo, na wenzake, dhidi ya serikali. Mwaka 2013 mahakama iliidhinisha maafikiano yaliyolithibitisha jambo hili: Medicare haiwezi kukata huduma kwa sababu tu mgonjwa hatarajiwi kupanda. Kama anahitaji mikono ya kitaalamu ili asishuke, hiyo nayo ni sababu. Kwa mgonjwa wa kiharusi, mdogo wangu, maneno hayo yashike.

Jambo lingine ni gumu kwangu kulisimulia. Siku ya tisa ya Mama nilimfunika miguu, na mkono wangu ukagusa kisigino chake cha kulia. Kilikuwa laini mahali pasipotakiwa kuwa laini. Nikafunua blanketi. Palikuwa na doa la zambarau iliyoiva, ukubwa wa kifuniko cha chupa ya soda.

Mimi ni mtu niliyegeuza wazazi wa watu wengine kila baada ya saa mbili, usiku kucha, miaka sita. Kisigino ndiyo sehemu ya kwanza tunayofundishwa kutazama kwa mgonjwa wa nyonga, kwa sababu mguu wenye maumivu hausogezwi, unalalia pale pale, uzito wote unakaa kwenye nukta moja. Nilikuwa nimemtembelea siku tisa. Nilimpaka mafuta usoni, nilimsuka, nilimletea kanga safi. Blanketi la miguuni sikulifunua, kwa kuwa pale sikuwa mfanyakazi, nilikuwa mtoto, na kumfunua mama miguu mbele za watu niliona haya.

Fanya hivi. Siku ya kwanza ukifika, mwambie, “Baba, naomba nikutazame ngozi.” Visigino, mfupa wa mkia, nyonga, viwiko, nyuma ya masikio kama ana mpira wa oksijeni. Kwenye ngozi yetu nyeusi usingoje wekundu, hautauona. Tafuta pale palipo na rangi nzito kuliko jirani yake, pa moto au pa baridi, pagumu au palipolegea. Ukikuta kitu, mwite muuguzi hapo hapo, mwombe aandike na apime. Visigino vinainuliwa kwa mto chini ya mashavu ya miguu, vyenyewe vining’inie hewani. Cha Mama kilichukua wiki kadhaa kupona, na alipofika nyumbani alikuwa bado anafungwa bandeji.

Nililalamika. Kwanza kwa muuguzi wa zamu, kwa upole. Siku mbili zikapita bila mto. Nikaenda kwa mkuu wa wauguzi, na daftari. Yeye alisikia. Asingesikia, ningempigia mtetezi wa wakazi, anayeitwa ombudsman. Kila jimbo la Marekani linaye, kazi yake ni kusimama na waliomo ndani ya nyumba hizi, halipwi na wewe, na namba yake lazima ibandikwe ukutani mahali pa wazi. Baadhi yetu tunaogopa kulalamika tukidhani mzee ataonewa. Sheria inakataza kumlipizia mtu kwa sababu amelalamika. Lalamika kwa jina la tatizo: kisigino, dawa, kengele iliyolia dakika 40. Usilalamikie watu kwa ujumla wao.

Maana hao watu wengi wao ni sisi. Mwanamke atakayemwosha baba yako huenda ni wa Eldoret au Bukavu, ametoka zamu nyingine, ana watoto wake kwa jirani. Sheria ya shirikisho inataka asomeshwe saa 75 tu kabla ya kushika kazi hiyo. Mengine yote anajifunzia mikononi mwa wagonjwa. Nimewahi kushika watu 11 peke yangu zamu ya jioni. Ukibonyeza kengele na sijafika, nipo na mtu aliyeanguka bafuni. Basi jua jina lake. Msalimie kabla ya kuomba. Mweleze baba ni nani: alikuwa nahodha, fundi cherehani, mwalimu wa madrasa. Mtu anayejulikana kazi yake hugeuzwa kwa mkono mwingine. Na ukiweza, siku moja moja uwepo saa tisa alasiri, zamu ya mchana ikikabidhi kwa ya jioni, maana hapo ndipo habari za mgonjwa hudondoka njiani.

Aibu nayo ina dawa. Mama aligoma kuoga siku tatu. Tulidhani ni baridi. Kumbe aliletewa kijana wa kiume. Niliomba aogeshwe na wanawake tu, ikaandikwa, ikaisha. Ni haki yake, haikuwa hisani. Vivyo hivyo chakula cha halali, na saa za swala.

Swala ilitufundisha jambo. Baada ya upasuaji ule Mama alikatazwa kukunja nyonga kupita pembe ya mraba na kukunja nne miguu. Kusujudu basi, anaswali kwenye kiti. Alilia siku hiyo kuliko siku ya kuvunjika. Mtaalamu wake wa tiba kazi, dada wa Kifilipino, akaniuliza: mama yako nyumbani anafanya nini kutwa? Hakuna aliyekuwa ametuuliza swali hilo kabla. Nikamwambia anatawadha mara tano, anafunga kanga, anakuna nazi. Akafikiri. Kesho yake mazoezi ya Mama yalikuwa kutawadha kwenye sinki akiwa amesimama, mkono mmoja umeshika ukingo. Keshokutwa nikamletea kanga, wakaanza kazi ya kuifunga: kusimama bila woka, mikono yote miwili ikiwa na shughuli, mwili usiyumbe. Kwa macho ya fundi yule hilo ni zoezi la mizani gumu kweli. Mama hakujua kama ni zoezi. Nazi ilibidi tumwambie ukweli: mbuzi ya nazi haikaliwi tena, ni fupi mno. Kaka yangu akaifunga kwenye benchi refu.

Kwa hiyo kwenye kikao cha mpango wa huduma usikae kimya. Ndani ya saa 48 tangu aingie lazima kuwe na mpango wa awali, na mna haki ya kupewa muhtasari wake. Tathmini kubwa inafuata ndani ya siku 14. Omba kikao kwa saa unayoweza, hata kwa simu. Waambie baba anataka kurudia nini. “Ajisikie vizuri” hakuna anayeweza kulifanyia zoezi. “Aweze kuvaa kikoi mwenyewe, ashuke ngazi tatu za baraza, afike msikitini Ijumaa” hayo wanajua pa kuanzia. Uliza wanafikiria atoke lini, na nini kikikosekana hatoki.

Kuhusu uji unaompelekea, mdogo wangu, acha leo hii mpaka umwone mtaalamu wa usemi na umezaji. Kiharusi hulegeza koo kama kinavyolegeza mkono. Chai inaweza kuingia mapafuni bila hata kukohoa, na nimonia ya namna hiyo inaua wazee waliokuwa wameshaanza kupona. Kama wamemwandikia vinywaji vizito, wana sababu. Muulize mtaalamu: uji wa baba uwe mzito kiasi gani, akae vipi, ameze vipi? Mpikie kwa kipimo hicho, na kijiko ashike yeye.

Karatasi za kuingilia zisome kabla ya kusaini. Nyumba hairuhusiwi kumlazimisha mtoto adhamini deni kwa mfuko wake mwenyewe ili mzazi apokewe. Ukisaini kama msimamizi wa fedha za baba, andika hivyo wazi. Na ile ya kukubali kutokwenda mahakamani mkigombana, haiwezi kuwa sharti la kupokewa. Kama uliisaini kwa haraka, una siku 30 za kuifuta.

Wenye wazazi wanaokuja kwa viza ya matembezi, hakuna Medicare hapo. Nunueni bima ya safari kabla mzazi hajapanda ndege, na akilazwa ombeni fomu ya msaada wa malipo ya hospitali siku ile ile.

Kabla baba hajatoka, omba siku ya mafunzo yako wewe. Akuonyeshe fundi wa mazoezi jinsi ya kumshika kwa mkanda wa kiunoni, kumwingiza garini, kumkalisha chooni, ufanye wewe naye akitazama, si kinyume chake. Pima mlango wa bafu lako kwa futi ulete namba. Zulia dogo la mlangoni ondoa, hata kama ni zawadi ya harusi. Uliza nani atakuja nyumbani kuendeleza mazoezi, na siku ipi ya kwanza.

Najua kazi hairuhusu uende asubuhi kila siku. Mimi niliomba zamu ya jioni kwa wiki nne, nikapoteza saa za ziada. Wewe huenda utaweza asubuhi mbili tu kwa wiki. Gawaneni: wewe Jumanne, mkeo Alhamisi, rafiki wa msikitini Jumatatu. Daftari libaki kwenye droo ya baba, kila anayekuja aandike.

Na baba mdogo, usibishane naye tena kwa simu. Saa nne asubuhi ya Texas, Mombasa ni magharibi, ametoka kazini. Mpigie ya video, iegemeze simu kwenye kiti mwisho wa vile vyuma vya mazoezi, baba aione. Kisha mwombe baba mdogo amhesabie kaka yake hatua, kwa sauti.